Mchanga wa Karakana: Kona ya Nyuma

Njiti iliwaka.

Naam, msomaji. Wiki iliyopita tulimwacha Bwana Mwinyikondo, mkaguzi wa majengo kutoka Dar es Salaam, ameinua njiti ya kiberiti mbele ya ukuta wa zahanati ya kijiji cha Jitegemee, watu wote wameshika pumzi, na fundi Lukumani amebanwa na haja ndogo. Juzi msomaji mmoja alitusimamisha pale mtaani Kanyenye akauliza kama haja hiyo iliisha. Haikuisha. Bado amebanwa.

Na wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, karibu, usilichane. Ukuta huo umejengwa kwa mchanga uliolowa mafuta. Ni mchanga wa karakana ya reli Tabora mjini, ule unaokaa chini ya vichwa vya treni na kunywa dizeli na grisi mwaka hadi mwaka. Ulikuwa ukitupwa bondeni mpaka visima vya jirani vikaanza kunuka. Lukumani, fundi mwashi wa Kanyenye, akaupakia kwenye behewa la mizigo, akaushusha stesheni ya Goweko, karibu na Jitegemee, akauchanganya na udongo wa kichuguu na chokaa ya dukani kwa Popatlal, akafyatua matofali. Mvua haiyalainishi. Mchwa wakiyanusa wanageuza njia.

Mchwa wa Jitegemee si wa kuchezea. Zahanati ya kwanza, ya miti na udongo, waliila kwa masika moja pamoja na kigoda cha mkunga. Tangu hapo wanawake wa kijiji wakipata uchungu wanabebwa kwa baiskeli hadi stesheni kungoja treni, na treni, kama ujuavyo, haina uchungu.

Jambo la mwisho, halafu turudi kwenye njiti isije ikatuunguza vidole. Mzee Mabruki, baba yake Kuluthumu, binti ambaye fundi anamposa, alikwisha toa neno: ukuta ukipita ukaguzi, Lukumani anapewa binti. Usipopita, hata mtaa wake asipite. Na ili asisimuliwe na mtu, mzee alikuja Jitegemee mwenyewe kwa treni, na kiti chake cha kukunja kutoka Kanyenye. Alikikunjua mbele kabisa, akakaa na tasbihi yake.

Haya. Njiti.

"Rudini nyuma!" mkaguzi aliunguruma. "Kwa mujibu wa kanuni za majengo ya umma, raia wote warudi nyuma!"

Raia walirudi nyuma. Bwana Mwinyikondo alikuwa na sauti nzito ya kutoka tumboni, kofia ya pama, tai nyekundu na mkoba. Mtu mwenye vitu hivyo akiwaambia wapande juu ya miti, wanapanda kwanza, sababu wanaulizana huko huko juu.

Njiti ikagusa ukuta. Ikazima.

Akawasha nyingine. Nayo ikazima.

Masolwa, mwenyekiti wa kijiji, alisafisha koo. Huyu hajawahi kuacha jambo lipite bila hotuba. Siku mbuzi wake alipozaa mapacha alihutubia hadi mbuzi akaondoka.

"Ndugu wananchi," alisema, "kama mnavyojionea wenyewe, njiti ya kwanza imezima, na ya pili, kwa juhudi zetu na kwa kujitegemea, nayo imezima..."

"Leteni kitambaa na mafuta ya taa!" mkaguzi alimkata.

Lukumani hakutetereka. Ukuta wa mbele hakuuogopa. Matofali yake aliyafyatua kiangazi chote, akayaanika juani mpaka yakalia yakigongwa. Kitambaa kiliwaka, kikateketea, kikaacha doa jeusi tu. Mkaguzi aligusa doa kwa kidole, akanusa kidole, akalamba kidole. Hakuna aliyejua kwa nini alilamba, lakini ilionekana ndio utaalamu wenyewe.

"Ukuta huu," alitangaza, "haushiki moto!"

Vigelegele vikapasuka. Mzee Mabruki aliacha kuhesabu tasbihi, akamtazama Lukumani kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama harufu. Lukumani alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Akamtafuta Kuluthumu kwa macho katikati ya wanawake.

Kuluthumu hakuwa anapiga vigelegele. Alikuwa anamkazia macho mkaguzi na kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemwona mjumbe wake amefika dukani akasahau alichotumwa.

Mkaguzi aliona. Akashtuka.

"Bado!" alisema upesi. "Bado sijamaliza! Twende nyuma. Chumba cha kujifungulia. Kona ya kushoto, chini!"

Lukumani alisahau haja yake yote.

Kona ya kushoto, chini! Hebu tukunong'oneze, msomaji, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kukwambia. Zilipobaki siku chache mawingu yaanze, udongo wa kichuguu ulimwishia fundi wetu na kona moja bado. Vichuguu vingine vilikuwa mbali, na yeye alikuwa amejitapa kwa watu wote kwamba atamaliza kabla ya mvua. Akachota mchanga kutoka chini kabisa ya lundo, ule mweusi unaong'aa, uliokuwa bado unatoa machozi ya dizeli. Akautia udongo kidogo wa kudanganyia, akaufyatua, akaujenga siku ile ile, akaupiga lipu nzuri nyeupe. Ukiitazama kona hiyo utadhani ndiyo bora kuliko zote.

Kuluthumu, aliyekuwa akija Jitegemee kumchotea maji ya udongo, alimkuta akipiga lipu. Alimwambia neno moja, "Bomoa." Fundi akamjibu kwamba wanawake hawajui mambo ya lipu. Ndivyo alivyojibu, na sisi hatumtetei.

Kwa hiyo siri ya kona ilikuwa ya watu wawili tu, na mmoja wao hakuisema hata usingizini. Lukumani alimtazama Kuluthumu. Kuluthumu akainamisha macho.

Mkaguzi alikuwa tayari anazunguka nyumba, kiberiti mkononi, umati nyuma yake, na Mzee Mabruki amebeba kiti chake. Lukumani alitafuta njia. Kuanguka na kujifanya ana kifafa? Alikwisha fanya hivyo sehemu ya nne. Ndipo macho yake yakamwona Bibi Apolinaria.

Bibi Apolinaria ndiye aliyewaongoza wanawake kukanyaga udongo wa matofali. Miguu yake ilinuka karakana mpaka mume wake akahamia kulala jikoni, naye akasema nafasi imepatikana. Ni Mnyamwezi wa kuzaliwa hapo hapo Goweko, mwenye mdomo usio na mlango.

"Bibi," Lukumani alimnong'oneza, "yule si alijitambulisha asubuhi kuwa ni Mzaramo wa Kisarawe?"

"Nilimsikia."

"Na mmemwacha hivi hivi? Na kofia yake kichwani?"

Bibi Apolinaria alimtazama fundi kwa shukrani za kweli. "Nilikuwa namwacha ale kwanza," alisema. "Lakini ulivyosema, hata chakula kinachelewa."

Msomaji wa Tabora hana haja ya kuelezwa utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, lakini gazeti hili siku hizi linafika hadi Moshi, tuwahurumie. Ni utani wa njia ya misafara. Wazee wa huku walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, walipita na kulala Uzaramo, wakala huko, wakaugua huko, wakazikwa huko. Ndiyo maana hadi leo Mnyamwezi akikutana na Mzaramo anamtukana, anamnyang'anya alichonacho, na mwenziwe anamjibu kwa tusi kubwa zaidi. Kukasirika hakumo. Anayekasirika ameikana njia nzima.

"We Mzaramo!" Bibi Apolinaria aliita.

Mkaguzi aligeuka. Kofia ya pama ikawa imeondoka kichwani kwake, ikakaa juu ya kilemba cha bibi. Chini yake palikuwa na upara uliokuwa umejificha vizuri.

Watu walicheka. Bibi akaanza kuzunguka kwa maringo.

"Babu yangu alilala kwenu Kisarawe na pembe yake begani," alisema. "Akaamka, mkeka alioulalia haupo! Wezi nyie! Leo mkeka wangu ni kofia hii!"

"Mama, rudisha kofia ya serikali!"

Watu walizidi kucheka. Waliona ni jibu zuri, la kujifanya mkubwa. Wakangoja tusi lenyewe lifuate.

"Na hiyo tai ni ya nini?" Bibi aliendelea. "Mmekosa nazi za kutundika, mnatundika vitambaa?"

"Nitakuweka ndani wewe bibi kizee!" mkaguzi alifoka, mishipa ya shingo imemsimama. "Mimi si mtu wa kuchezewa na vikongwe! Mwenyekiti! Mkamate!"

Kicheko kilikatika.

Bibi Apolinaria alivua ile kofia polepole, akamkaribia.

"Umesema kwenu ni wapi?"

"Ki... Kisarawe."

"Na mimi ni Mnyamwezi. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Wewe ni raia."

"Sikuulizi mimi ni nani kwa serikali. Nakuuliza mimi ni nani kwako."

Bwana Mwinyikondo alifungua mdomo. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akamtazama Kuluthumu, na Kuluthumu akafunika uso kwa khanga.

"Wewe ni... mama yangu?" alijaribu.

"Huyu si Mzaramo!" Bibi Apolinaria alipaza sauti. "Mzaramo gani huyu? Wanawake, mkoba!"

Mkoba ulimtoka mikononi kabla hajajua umekwenda. Ulipinduliwa. Hapakuwa na kanuni za majengo humo, wala kifungu, wala rula. Vilimwagika vipakiti vya karatasi ya kaki, vingi kama karanga, na kila kimoja kilikuwa na picha ya mdudu amelala chali.

"Dawa ya kunguni," mtu alisoma.

"Ngojeni!" mwingine alipiga kelele. "Hii sauti naijua! Treni ya Kigoma! Daraja la tatu! 'Kunguni wakubwa kwa wadogo...'"

"...waliooa na wasiooa!" mkaguzi alimalizia, mikono juu, kwa mazoea tu. Halafu akajiziba mdomo.

Jitegemee nzima ilianguka chini kwa kicheko. Masolwa alicheka akakumbuka cheo chake, akanyamaza, akacheka tena. Mzee Mabruki alifuta machozi kwa ncha ya kanzu. Mkaguzi wetu, bila kofia, bila mkoba, alikaa juu ya tofali.

"Naitwa Kornel," alisema kwa unyonge. "Kisarawe sijawahi kuiona hata kwenye picha. Samahanini."

Lukumani alijiona amezaliwa upya. Alipanda juu ya lundo la matofali, akashika kiuno. Hakuna ukaguzi tena! Hakuna kona! Nani angemwamini muuza dawa ya kunguni hata angesema jua linachomoza mashariki?

"Huyu amekuja kubomoa zahanati ya wananchi!" alinguruma. "Sema! Nani amekutuma?"

"Mabeberu!" Masolwa alidakia. "Ndugu wananchi, adui halali..."

"Mwache aseme mwenyewe!"

Kornel aliinua kidole. Kidole kilipita kwa Masolwa, na Masolwa akarudi nyuma akamkanyaga balozi wa nyumba kumi. Kikapita kwa Mzee Mabruki, naye akashika tasbihi kwa nguvu. Kikaenda, kikaenda, kikasimama kwa Kuluthumu.

"Huyo dada," Kornel alisema. "Kwa sahani ya pilau."

Watu waligeuka kumtazama.

Mzee Mabruki aliinuka kitini. "Kuluthumu?"

"Ni mimi, baba." Alitoka katikati ya wanawake, akajifunga khanga kiunoni kama anayekwenda kupura mtama. "Nilikutana naye kwenye treni tulipokuwa tunakuja. Wewe ulikuwa umelala. Nilimwambia aende moja kwa moja kwenye ile kona, awashe kiberiti, aseme ibomolewe, aondoke. Basi! Yeye akaanza sherehe, kulamba vidole."

"Umati ulikuwa mkubwa," Kornel alijitetea. "Ni tabu kujizuia."

"Kona ina nini?" Bibi Apolinaria aliuliza.

"Muulize fundi."

"Nakuuliza wewe."

"Mchanga mbichi, bibi. Mafuta matupu ndani, lipu juu. Nilimwambia abomoe, akanijibu sijui mambo ya lipu. Ningewaambia nyie mngemwamini nani? Yeye ana mwiko na timazi, mimi ni mtu wa kumchotea maji ya udongo. Mnataka mwanamume mwenye kofia. Nikawatafutia mwanamume mwenye kofia!"

Wanaume kadhaa waliopiga hatua nyuma muda si mrefu kwa amri ya muuza dawa ya kunguni walitazama vidole vyao vya miguu.

"Mkunga akija," Kuluthumu aliendelea, "jiko lake la mkaa la kuchemshia maji litakaa kona ile, kwa sababu ndiko dirisha liliko. Mwanamke yuko kitandani hawezi hata kugeuka. Cheche moja tu."

Mzee Mabruki alimsogelea bintiye. "Mwanangu, unajua ulichokuwa unakitia moto?"

"Najua, baba," alisema. "Harusi yangu. Nimelia njia nzima toka Tabora, wewe unakoroma."

Macho yote sasa yalikuwa kwa Lukumani, juu ya lundo lake la matofali, mkono bado kiunoni. Alitamani ashuke lakini hakujua ashukie upande upi.

"Fundi," Bibi Apolinaria alisema taratibu. "Anasema kweli?"

Hapa, msomaji, tusimame kidogo, si kwa kukutesa, ila kwa sababu Lukumani mwenyewe alisimama. Neno moja lingemtosha. "Hapana." Watu walikuwa wanampenda. Walikuwa wameuona ukuta wa mbele kwa macho yao. Waliotaja kona walikuwa muuza dawa na binti wa mjini aliyedanganya kijiji kizima. Angesema hapana, wangemwamini, na harusi ingeweza hata kuokolewa, maana mwanamke aliyeaibika hadharani hana pa kwenda. Tunasikitika kusema kwamba aliliwaza jambo hilo lote mpaka mwisho.

Akafungua mdomo aseme hapana.

Ndipo akamwona Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa mmoja wa waliokanyaga udongo tangu mwanzo, mimba ikiwa bado changa, akiimba kuliko wote. Sasa tumbo lilikuwa limefika mbele yake kabla ya yeye kufika. Vurugu zilimchosha, jua likamzidi, akatafuta kivuli, maneno ya kona yakampita. Alikuwa ameegemea lipu nyeupe ya kona ya kushoto, ametupa kichwa nyuma, macho amefumba, mkono mmoja juu ya tumbo. Ameegemea kama mtu anavyoegemea kitu alichokijenga mwenyewe.

Pembeni yake, Kornel aliyechoka alikuwa ametoa sigara na anafungua kiberiti chake.

"Mwanahawa!" Sauti ilimtoka Lukumani ikiwa kali kuliko alivyotaka. "Mwanahawa, ondoka hapo!"

Mwanahawa alifumbua macho. "Kuna nini, fundi?"

"Ondoka hapo, mama. Tafadhali. Ondoka."

Hakuhitaji tena kujibu swali. Watu walikuwa wamekwisha lisikia jibu. Bibi Apolinaria alimshika Mwanahawa mkono, akamvuta kwake.

Lukumani alishuka. Aibu ilimwaka kuanzia visigino. Aliona aibu kwa Mwanahawa, akaona aibu kwa Bibi Apolinaria na miguu yake, na kwa Kuluthumu aliona kitu kibaya kuliko aibu ambacho hakukijua jina. Alichukua kiberiti mkononi mwa Kornel. Akachukua mwiko wake. Akaenda kwenye kona, akadunga lipu nyeupe kwa ncha ya mwiko, akabandua kipande cha ukubwa wa sahani. Ndani palikuwa peusi, panang'aa, panalia.

"Rudini nyuma," alisema. Safari hii hakutaja kanuni.

Njiti ikagusa tofali.

Haikuzima.

Moto ulitembea kwanza kwa aibu, wa buluu, ukinusa nusa. Halafu ukapata njia, ukapanda. Lipu ilianza kupasuka vipande vipande, moshi mweusi ukatoka nyuma yake, na kona ikawaka kama kandili iliyokosa chemni. Paa lilikuwa bado halijaezekwa, mabati yako chini ya mti, na hiyo ndiyo bahati pekee ya siku hiyo. Wanawake walilia. Mwanahawa hakulia. Alikuwa anatazama mahali mgongo wake ulipokuwa.

"Kuta nyingine ni nzima," Lukumani alisema kwa sauti ndogo, akiutazama moto. "Naapa ni nzima. Hii nimeiharibu mimi. Si mchanga. Ni mimi na haraka zangu na mdomo wangu."

"Sema kwa sauti!" mtu wa nyuma alidai.

"Ni mimi!"

Masolwa alisafisha koo, akatazama moto, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe hakuwa na hotuba.

Mzee Mabruki alikikunja kiti chake. Kilipiga kelele, *kwa*, watu wote wakasikia. "Ukuta haukupita," alisema. "Kuluthumu, twende stesheni."

Kuluthumu hakuondoka. Alikwenda kwenye lundo la mchanga mkavu, akajaza karai, akalileta akalimwaga kwenye moto. Akarudi kujaza jingine. Alipopita karibu na Lukumani hakumtazama, lakini alisema, "Chukua sepetu. Au unangoja nikuchotee na hilo?"

Lukumani alichukua sepetu.

Walikuwa hapo, wawili, weusi kwa masizi, wanapigana na moto ambao mmoja aliujenga na mwingine aliutaka, ndipo honi iliposikika upande wa barabara ya stesheni.

Land Rover. Kijivu, vumbi mpaka juu ya paa. Ilisimama kando ya mabati. Mlango ukafunguka, akashuka mtu mfupi, mnene, mwenye kaunda suti na kofia ya pama.

"Jamani hamjambo?" alisema. "Samahanini, tulikwama mtoni. Mimi ni mkaguzi wa majengo."

Watu walitazamana. Bibi Apolinaria alimwacha Mwanahawa, akamwendea yule mtu moja kwa moja. Safari hii alitaka uhakika.

"Kwenu wapi?"

"Kisarawe, mama. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. Alinyoosha mkono, akainyakua kofia, akaivaa. "Babu yangu alilala kwenu," alisema kwa jicho kali, "akaamka mkeka haupo."

Mtu mfupi alimtazama kutoka kilemba hadi unyayo.

"Aliukojolea," alisema. "Tukauficha kwa heshima yake. Na wewe ni mjukuu wake kweli, maana naona umekuja kuikojolea na kofia."

"Huyu ndiye!" Bibi Apolinaria alipiga kelele. "Mzaramo kamili! Mwizi halisi! Karibu nyumbani!"

Wangecheka. Walikwisha fungua vinywa wacheke. Lakini upepo uligeuka, moshi mweusi ukapita juu ya vichwa vyao, na mkaguzi mwenyewe akaacha utani. Alizunguka nyumba. Akaiona kona. Akagusa tofali lililoungua, akanusa kidole. Hakukilamba.

"Mkoa umenituma nije kuona haya matofali ya mafuta," alisema polepole. "Yakifaa, vijiji vyote vya njia ya reli vitajengewa zahanati kwa hayo kabla ya masika. Yasipofaa, hii inabomolewa leo, kuta zote, na aliyeijenga anakwenda nami kituo cha polisi kueleza alitaka kuwaunguza akina mama wa nani."

Aligeuka akawatazama watu.

"Fundi wa jengo hili ni nani?"

Lukumani aliliacha sepetu lianguke. Alivuta pumzi, akapiga hatua mbele.

"Mimi," alisema.

Lakini sauti zilizotoka zilikuwa mbili. Kuluthumu alikuwa amesimama pembeni yake, karai kichwani, masizi hadi kwenye nyusi.

"Mimi," naye alikuwa amesema.

Mzee Mabruki aliiangusha tasbihi. Mkaguzi alimtazama mmoja, akamtazama na wa pili, halafu akageuka kuitazama Land Rover yake, iliyojaa mizigo mpaka madirishani.

"Gari lina nafasi ya mtu mmoja," alisema.